Bwana Msa si Kivuli cha Holmes

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa: hapa Matungu niliwaonyesha wanafunzi The Scarlet Claw (1944), filamu ya nyeusi na nyeupe, mojawapo ya zile 14 ambamo Basil Rathbone ni Sherlock Holmes. Wanakijiji wa Canada wanalaumu zimwi ling'aalo; kumbe ni mtu aliyepaka nguo rangi. Darasa likaamua kwamba Muhammed Said Abdulla aliiga. Kiko kipo, kweli, na Najum ana nafasi ya Watson. Ila Holmes ni mgeni; kesi ikiisha, huyo anaondoka. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inapatikana mzimuni, na Bwana Msa anapoupinga ushirikina anabishana na watu wake mwenyewe. Mtahiniwa anayeandika "ameiga" akaishia hapo, dhamira imempita.