Ngazi za Ziwa Kivu

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, wakazi wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliamriwa kuhama. Maelfu walishika barabara ya kwenda Sake. Hofu mojawapo ilikuwa Ziwa Kivu: magma ilikuwa imepenya hadi chini yake, na maji yake yameficha takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Ila huko Sake walikokimbilia kuna Ghuba ya Kabuno ya ziwa hilohilo, ambako maji yaliyojaa hewa ukaa huanza mita 11 tu chini ya uso.

Ziwa halikulipuka. Ni nini kinachoizuia gesi hiyo?

Sufuriani, maji ya chini yakipata moto huwa mepesi, hupanda. Kivu nayo ina joto chini: kwenye kina cha mita mia nne na zaidi maji hufika kama digrii 26, ilhali kwenye mita 80 ni kama 23. Hayapandi kwa sababu chemchemi zinazoyapasha huyatia pia chumvi na hewa ukaa, vinavyoyaongezea uzito. Tena joto hupenya majini upesi mara 100 kuliko chumvi. Basi kila tabaka huzungukazunguka lenyewe, likapokeza joto kwa la juu yake, na chumvi ikabaki nyuma. Vipimo vimehesabu matabaka zaidi ya 200, mengi yasiyofika unene wa mita moja. Joto hupanda ngazi. Mzigo wa chumvi na gesi hubaki ghorofani mwake.

Chumvi si kizuizi pekee kinachojulikana: tangi la maji likizungushwa kwa kasi maabarani, mzunguko nao huzuia maji kupinduka. Kivu iko jirani na ikweta na ngazi zake ni fupi mno; mzunguko wa dunia hauna nguvu hapo. Mlinzi mkuu ni chumvi.

Njia ya kupunguza hatari ni kuitoa gesi; hilo lilijaribiwa Nyos, Kameruni, ziwa ambalo gesi yake iliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Mwaka 2001 mwanasayansi Michel Halbwachs na wenzake walishusha bomba la mita 203. Pampu ilivuta maji mwanzoni tu. Yalipopanda, mgandamizo ulipungua, gesi ikatoka kwa mapovu, na mapovu yakayavuta maji mengine nyuma yake. Pampu ikazimwa, maji yakaruka angani karibu mita 50, yakijiendesha yenyewe.

Kivu kuna kazi ya pili: kuyarudisha maji bila kuvunja ngazi. Mtambo wa umeme wa KivuWatt nchini Rwanda, unaozalisha megawati 26 tangu 2016, huvuta maji kwenye mita 350 hivi na kuyarudisha karibu mita 240. Yakimwagwa juu, chumvi na hewa ukaa iliyobaki vitachafua maji ya wavuvi. Na maji mazito yakiachwa juu ya mepesi, huzama yakivuruga kila tabaka njiani.

Methani hulipa gharama ya kazi hiyo kwa umeme. Kabuno ina methani kidogo. Bomba likiwekwa huko halitauza kitu, litaokoa watu tu.