Ngao za Maboksi

Katika igizo la vita vya Lugalo nililolitazama hapa Chimala, vijana walishika ngao za maboksi na kuzirusharusha kama karatasi. Wahehe waliomuua Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 walikuwa na ngao za ngozi. Nilijaribu kutengeneza moja kwa ngozi kavu ya ng'ombe. Mkono ulichoka kabla sijamaliza kuuzunguka ua. Uzito huo ulikosekana jukwaani, na si wa ngozi tu. Hapa ni Usangu. Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu katika nchi hii, na chifu wao, Merere, akaungana na Wajerumani. Igizo halikumtaja. Tulimpigia Mkwawa makofi, sisi wajukuu wa Wasangu tukiwemo, bila kuulizwa babu zetu walisimama upande gani, na kwa nini.