Jinsi Kezilahabi Alivyoujenga Ulimwengu wa Nagona na Mzingile

Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi zilizotolewa na Dar es Salaam University Press, ni miongoni mwa kazi za Kiswahili zinazokaribia sana fantasia ya kiza. Ulimwengu wa riwaya hizi ni wa kubuni, umepatwa na maangamizi, na ndani yake mtu mmoja anatafuta kitu asichojua atakikuta kikiwa na sura gani. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofika kurasa mia. Wahakiki wengi wamevisoma kama falsafa iliyovishwa hadithi, na usomaji huo una haki yake, lakini umefunika suala la ufundi: ulimwengu mkubwa kiasi hicho umeingiaje katika kurasa chache hivyo na bado ukasimama?

Jibu linaanzia kisiwani. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, akasoma katika seminari ya Nyegezi mjini Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya zake nne za kwanza, yaani Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), zinakanyaga ardhi inayojulikana. Zina vijiji, shule, walevi, mikutano ya siasa, baba wanaopiga na binti wanaotoroka. Hata humo ukuta wa uhalisia ulikwisha kupata ufa. Rosa Mistika haimalizikii kaburini, kwa kuwa msomaji anampata Rosa na baba yake ng'ambo ya kifo wakilaumiana mbele ya Mungu. Mwandishi aliyefika Nagona, kwa hiyo, alikuwa na mazoezi ya miaka ishirini ya kujenga kijiji cha kweli, tena alikuwa ametoka kuandika tasnifu ya udaktari huko Wisconsin, Marekani (1985), kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Alijua vizuri kilichomo katika kijiji, ndiyo maana aliweza kuchagua cha kukiondoa.

Njia yake ya kwanza ni hiyo ya kuondoa, na inaeleweka zaidi ikiwekwa karibu na kazi ya mtu mwingine wa kisiwa hichohicho. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, nakala zikafika wakati yeye alikuwa ameshafariki. Kitereza anaujenga ulimwengu kwa kuujaza. Msomaji anaonyeshwa jinsi ya kutengeneza pombe, kuwinda, kuvua, kuposa, kumtibu mwanamke asiyeshika mimba, na kumpokea mgeni kwa hatua zake zote. Kezilahabi, katika Nagona, anachukua mkondo wa kinyume. Msimulizi hana jina. Nchi haina jina, mwaka haujulikani, serikali haipo, wala hakuna anayesema ni nani aliyeuondoa umati. Kilichobaki ni njia, nyumba, mzee, mnyama na ngoma.

Utupu huu unatisha kwa sababu unamkuta msomaji mwenye kumbukumbu. Kuanzia Ukerewe mpaka Magu na Sengerema, mtu haingii mji wa mwenzake kimyakimya. Anapiga hodi, anajibiwa, anasalimu, anaulizwa habari za alikotoka, na salamu yenyewe inaweza kuchukua muda kuliko shida iliyomleta. Mji ambao ukimya ndio sheria yake, kama ule wa Nagona, ni mji uliovunja jambo la kwanza kabisa la utu, na mwandishi hahitaji kuongeza damu wala mifupa ili uogopwe. Hapa ndipo waandishi wengi wa fantasia hukosea. Wanaanza kwa kubuni zimwi, halafu wanatafuta mahali pa kuliweka. Nagona inaanza na kanuni moja iliyovunjwa, na hofu inatokea yenyewe.

Wakazi wa mji huo wa ukimya wameokotwa kutoka katika maktaba ya dunia. Msimulizi anakutana na wanafikra waliokufa zamani, wakiwemo Plato, Aristotle, Marx na Nietzsche, na pia na padri mwenye kusikiliza maungamo. Kwa mtazamo wa kawaida huu ni mseto usioweza kukaa chungu kimoja: seminari ya Nyegezi, ukumbi wa mihadhara na ngano za jioni. Unakaa kwa sababu wote wamewekwa chini ya kanuni ileile ya mji. Mwanafalsafa hapati heshima ya pekee, na padri hana ufunguo ambao wengine hawana. Elimu yote iliyokusanywa duniani ipo, imeketi, na mji bado ni gofu. Katika ulimwengu wa kubuni, vitu vya asili tofauti vinaweza kuishi pamoja iwapo vyote vinatii sharti moja, na Kezilahabi hakumpa yeyote msamaha wa sharti hilo.

Msuko nao umejengwa juu ya umbo. Nagona ni paa anayetafutwa, anayeonekana na kutoweka, na msako huo haunyooki kama barabara ya lami. Duara linarudi mara kwa mara, na tukio linafuata tukio kwa namna ya fumbo na jibu ambalo ni fumbo jingine. Hatari ya msuko wa namna hii ni wazi: msomaji anaweza kuchoka akiona hakuna kinachosogea. Kezilahabi anaikwepa kwa njia mbili. Kwanza, sentensi zake ni fupi na msamiati wake ni wa kila siku, hivyo ugumu uko katika jambo linalosemwa, na ulimi haukwami. Ni desturi aliyoianza katika ushairi, pale Kichomi (1974) ilipoacha vina na mizani na kuzua ugomvi mkubwa kati yake na wanamapokeo. Pili, anaweka mbele ya msimulizi ahadi yenye tarehe isiyojulikana, nayo ni ujio wa mkombozi wa pili. Kila sura, hata ile inayozunguka, inausogeza ulimwengu kuelekea kuzaliwa huko.

Ahadi hiyo ina ndugu wa zamani katika kanda ya ziwa. Upande wa bara, Wasukuma wanasimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo ya nchi nzima. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, mvulana aliyekua akiuliza walipo watu wengine, mpaka akaliua zimwi na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wazima, ila kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akamjia juu mkombozi wake kwa hasira na nia ya kumroga. Mifupa ya hadithi hiyo ni nchi iliyobaki tupu, mtoto anayesubiriwa, na ukombozi wenye jeraha ndani yake. Hakuna haja ya kudai kwamba Kezilahabi aliinakili. Inatosha kuona kwamba msomaji wa pwani hii ya ziwa anapofungua Nagona tayari anazo kichwani nguzo za jengo lile, na mwandishi anaweza kumwachia azisimamishe mwenyewe. Kurasa zinapungua kwa sababu hiyo.

Kilele cha Nagona ni ngoma kuu. Mtu wa mbali anaweza kuiona kama pambo la kufungia kitabu. Katika mazingira ya Mwanza, ngoma ni uwanja wa kupimana nguvu. Bagika na Bagalu, vyama viwili vikongwe vya wachezaji wa Kisukuma, hushindana kwa uchezaji, nyimbo na dawa, na kila Juni sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, huwakusanya wachezaji sambamba na sikukuu ya Ekaristi. Ng'wanamalundi, mchezaji aliyesifika kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, na ambaye Wajerumani walimkamata, alikuwa mganga na mcheza ngoma kwa wakati mmoja. Emmanuel Mbogo alimfanyia tamthilia mwaka 1988, miaka miwili kabla ya Nagona. Ulimwengu uliojengwa juu ya ukimya hauwezi kupinduliwa kwa hotuba. Kinachoupindua ni sauti na miguu ya wengi, na kwa kuwa sheria ya mwanzo ilikuwa ukimya, mwisho huo umelipiwa tangu kurasa za kwanza. Hiyo ni kazi safi ya msuko.

Mzingile inachukua ulimwengu uleule na kubadilisha injini yake. Badala ya msako kuna ujumbe. Msimulizi anapaswa kumfikia Kakulu, mzee wa mlimani mwenye sifa za Mungu, na kumpa habari za kifo cha mwanawe. Tanzia ni wajibu unaoeleweka na kila mtu. Aliyetumwa na msiba haulizi kama njia ni ndefu, na msomaji anamfuata bila kuhitaji sababu nyingine. Tena wajibu huo unabeba swali zito bila kulitamka: mzee ambaye habari za mtoto wake mwenyewe lazima aletewe na mpita njia anajua nini juu ya watoto wa wengine? Baadaye dunia inaangamia kwa janga linalofanana na vita vya silaha za nyuklia, na wanabaki mwanamume na mwanamke wa kuanza upya. Kwa ufundi, kitabu hiki kinashikika kuliko Nagona, na mwandishi anayejifunza angefanya vyema kuanza nacho.

Jambo moja lililoachwa nje ya riwaya zote mbili linastahili kuangaliwa kwa makini. Mchawi hausukumi msuko. Kwa riwaya ya kiza iliyotoka kwa mtu wa kanda ya ziwa, huo ni uamuzi mzito, maana uchawi ndio malighafi iliyo karibu kuliko zote. Lakini katika Mwanza, Shinyanga na Geita imani hiyo imeua watu wa kweli. Vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yaliharibiwa na moshi wa jikoni, na katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Riwaya inayomfanya bibi kizee kuwa chanzo cha uovu wa dunia yake inaongeza kauli yake kwenye mashitaka ambayo tayari yanasomwa kijijini. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa mwingine wa Ukerewe, aliukabili uchawi uso kwa uso katika Janga Sugu la Wazawa, lakini aliuchunguza kama janga la jamii. Kezilahabi aliutafuta uovu kwingine, katika ukimya wa wenye akili, katika mungu aliyezeeka mbali na watu, katika silaha. Uchaguzi huo unamlazimu mwandishi kubuni zaidi, na unamzuia kumnyooshea kidole jirani asiye na wa kumtetea.

Waliofuata walichukua sehemu tofauti za ufundi huu. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani (1999), alirudi kwenye njia ya kujaza, akajenga mbingu na jehanamu zenye majeshi, vyeo na mabishano marefu. Kyallo Wadi Wamitila, nchini Kenya, alichukua msafiri asiye na hakika na mwendo wa fumbo, akautumia katika Bina-Adamu! (2002) kuzungukia mabara na kuichambua dunia ya utandawazi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alimtoa mzee kaburini na kumrudisha kwa mjukuu aliyelewa madaraka, hivyo kiza kikashuka kutoka mlimani kikaingia sebuleni mwa kigogo.