Kidumu Kinachorudisha Maji

Gari likipanda kutoka Mbalizi, likapita Iwambi na kuingia Iyunga jijini Mbeya, injini yake huwa imeshapata moto. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye sufuria ya wazi maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 94, si 100 kama Dar es Salaam. Kwenye gari, mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasiwahi kuchemka. Hata hivyo, maji ya moto hutanuka, na yakizidi mfuniko huyaachia. Gari lisilo na chupa ya akiba huyamwaga barabarani, kisha likipoa hunyonya hewa badala yake.

Fundi anayejua kazi humaliza tatizo hilo kwa kidumu cha oili iliyokwisha, cha lita moja. Mtazame anavyokichagua. Chupa ya maji ya kunywa haigusi, maana ikipata maji ya moto hujikunja. Kidumu cha oili huvumilia zaidi. Hukiosha kwa sabuni, hurudia, kisha hukinusa, kwa sababu mabaki ya oili huvimbisha mipira ya rejeta na kuilegeza.

Kwenye kizibo hutoboa matundu mawili. Moja ni la kupitisha mpira mwembamba, nalo huubana sawasawa. Jingine ni dogo, la kupumulia. Anayejifunza kazi hulisahau hilo la pili, na kidumu chake hutuna injini ikipata moto na kubonyea ikipoa.

Ufundi wenyewe hauonekani ukifungua boneti. Mpira unaotoka shingoni mwa rejeta hushuka hadi karibu na kitako cha kidumu, na ncha yake hukatwa mshazari ili isizibwe na kitako hicho. Injini ikipoa, rejeta huvuta kama mtu anayekunywa soda kwa mrija: mdomo wa mpira ukiwa juu ya maji, kitakachorudi ni hewa tupu.

Kidumu hufungwa mbali na eksozi na feni, kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, hutiwa kiasi tu, nafasi ya kutanuka ikabaki, na usawa wake ukawekewa alama injini ikiwa baridi.

Kazi hii hukaguliwa asubuhi. Kulanti ikiwa imerudi kwenye alama, fundi amefaulu. Ikipungua kila siku, kagua mfuniko wa rejeta na mahali panapovuja, usilaumu kidumu. Na kama mfuniko wa presha wa gari lako uko juu ya tanki la akiba lenyewe, usijaribu kidumu, kwa kuwa hakitahimili presha hiyo. Nunua tanki lake. Kwa gari lolote, usifungue mfuniko wa presha injini ikiwa ya moto.