Jibu la Herekali

Mkristo wa kwanza ninayemjua katika fasihi ya Kiswahili ni mtu aliyeshindwa kujibu barua vizuri. Anaitwa Herekali, mfalme wa Rumi, na anaishi ndani ya Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani kule Pate, kisiwa jirani na hapa Lamu ninapoandikia. Tarehe yake ni 1728 na beti zake zinapita elfu moja. Katika utendi huo Mtume Muhammad anamwandikia Herekali barua: acha kusema kwamba Isa ni mwana wa Mungu. Herekali anaisoma, na jibu lake, ukiliondolea mapambo, ni kwamba yeye atabaki na dini ya mababu zake. Kisha vita, kisha Ali na upanga wake, na mshindi unamjua mapema kwa sababu unajua nani anatunga.

(Ndiyo, Herekali alikuwa wa Konstantinopoli. Lakini karne ile ya saba kanisa lilikuwa halijapasuka kati ya Mashariki na Magharibi, kwa hiyo namhesabu wa kwetu.)

Mimi ni Mkatoliki, na kila nikiusoma utendi huu si vita vinavyoniuma. Ni ile barua. Kwa sababu jibu la Herekali ndilo jibu letu mpaka leo. Muulize kijana aliyebatizwa, awe Nairobi au Mombasa, mbona bado anaenda Misa. "Nimezaliwa nikaikuta." "Mamangu ni wa CWA, ataniua." "Si ni vile tu nimelelewa." Nina rafiki anakaa Umoja, aliacha kuamini zamani, na yeye hana huruma: "Sasa kama ungezaliwa hapo Langoni ungekuwa Muislamu, si ndiyo?" Pengine ndiyo. Basi mababu si sababu. Mababu wanaeleza jinsi imani ilivyonifikia. Kama ni kweli au si kweli, hilo ni swali lingine kabisa.

Tumtendee haki mtunzi kidogo, maana mtu anaweza kusema alimpa adui yake jibu dhaifu makusudi. Sidhani. Wasikilizaji wa Pate waliwajua Wakristo vizuri, ila hawakuwajua kwa hoja. Mwaka 1587 Wareno waliivamia Faza, mji ulio kwenye kisiwa hicho hicho cha Pate, wakawaua watu wake na kukata minazi yao. Kukata minazi, bana. Mnazi una dini gani? Halafu mwaka ule ule wa 1728 Wareno waliikamata tena Mombasa, na safari hii Pate ilikuwa upande wao dhidi ya Waomani. Kwa hiyo utendi huu unahusu Mkristo mwenye majeshi na asiye na hoja, na unatoka mahali ambapo Wakristo walikuwa na mizinga, leo maadui, kesho washirika. Bwana Mwengo hakuhitaji kubuni. Msalaba ulifika pwani hii umechorwa kwenye matanga, na yeyote anayetaka kuueleza hapa lazima aanze kwa kujua hilo.

Kuna jibu la pili, la mtu aliyekuwa na hoja kweli. Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na katika barua aliyowaandikia wenzake kutoka huko anasimulia mazungumzo yake na Muislamu mmoja wa mjini, mtu wa heshima. Yule bwana alimuuliza kama Wakristo huenda kanisani sana na kusali kwa moyo, maana kwao ibada ilikuwa imepoa: katika misikiti 17 ya mji, mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache. Ona swali lilivyo. Huyu mtu hagombani. Ana huzuni, anamuuliza mgeni kama na kwake hali ni ile ile. Ni swali ambalo rafiki yangu wa Umoja angeweza kuuliza akiwa amechoka usiku: na nyinyi mnahisi kitu kweli, au mnaenda tu?

Xavier, mtakatifu wangu, ambaye mifupa yake wanaiheshimu Goa hadi leo, akaona nafasi ya kufunga bao. Alieleza kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, ndiyo maana ibada yao inakufa. Mwenzake hakuridhika. Walibishana, kila mmoja akabaki na lake. Kama barua, ni maandishi hai kuliko mengi tuliyonayo kuhusu Malindi ya wakati ule. Kama jibu, linanisikitisha. Mtu amekuonyesha jeraha, wewe unamwambia ni halali yake.

Mtindo huu wa kujibu tumeupenda sana Afrika Mashariki. Mihadhara ya miaka ya themanini na tisini, Dar es Salaam hadi Mombasa, ilijaza viwanja kwa sababu ilikuwa mechi: Muislamu ameshika Biblia, Mkristo ameshika Kurani, kila upande una mashabiki wake. Nimesikiliza kanda zake na nimecheka, maana wale jamaa walikuwa mafundi wa kuongea. Lakini mpinzani katika mechi yupo ili ashindwe. Hakuna anayemuuliza kwa nini amekuja.

Sasa hapa ndipo namleta Mathias Mnyampala, na wengi wetu tunamjua kwa ngonjera tulizokariri shuleni. Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, mbali kabisa na bahari. Ngonjera alizozipa umaarufu miaka ya sitini mwishoni zina umbo ambalo Mkatoliki yeyote aliyekariri katekisimu analitambua: asiyejua anauliza, anayejua anajibu, mwisho asiyejua anashukuru. Ni mihadhara yenye vina. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1963, alikuwa ametoa kitu kingine, Utenzi wa Enjili Takatifu, na hicho ndicho ninachotaka watu wakirudie.

Alichofanya ni kuchukua umbo la huku kwetu visiwani, lile la vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima, akamtia Yesu ndani. Umbo ambalo Pate ililitumia kusimulia vita vya Uislamu dhidi ya Rumi likawa nyumba ya Injili. Kama usanifu, sitakudanganya: kazi hii haina joto la Tambuka. Mnyampala ni mtiifu mno kwa kitabu anachokifuata. Anatembea nyuma ya Injili kama mtoto wa altare nyuma ya padri, mshumaa wima, macho mbele. Ukitaka ulaini ndani ya umbo hili msome Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambao bado una pumzi ya mama ndani yake.

Hata hivyo kuna kitu kinatokea kwa Mnyampala ambacho sidhani alikipanga. Utenzi wa vita una matarajio yake. Sikio lililozoea Tambuka linangoja upanga: shujaa amezingirwa, maadui wamekuja na mienge usiku, sasa ndiyo saa. Mtunzi anayefuata Injili hana budi kufika kwenye bustani ile. Upanga unachomolewa kweli, Petro anaukata sikio la mtu. Na shujaa anamwambia aurudishe alani. Kisha anakubali kufungwa. Umbo zima linapiga kelele kwamba kuna kosa. Ukimsoma Mnyampala baada ya Bwana Mwengo, kama nilivyofanya mimi, unasikia hadithi ikikataa kufuata ngoma inayopigiwa.

Na hapo ndipo ilipo sababu yangu. Makala haya ni uhakiki lakini sitajificha nyuma ya uhakiki: naamini dini hii ni kweli. Sisemi inanituliza, ingawa mara nyingine hunituliza. Nasema ni kweli.

Hebu fikiria kama msomaji wa hadithi, si kama muumini. Watu wakitunga habari za mkubwa wao, humpamba. Mashujaa wa tendi hawatetemeki. Sasa chukua Injili. Shujaa analia akiomba asife. Petro, ambaye sisi tunamhesabu kuwa papa wa kwanza, anamkana bwana wake mbele ya kijakazi. Wanaume wanakimbia. Wa kwanza kulikuta kaburi tupu ni wanawake, na wanaume wanadhani wanawake wanapayuka. Yote haya yaliandikwa na kutunzwa na watu wa upande wa Petro mwenyewe, waliokuwa na kila sababu ya kuyafuta. Mtu anayedanganya hujisifu. Hawa wamejianika. Kwa hiyo wanapoendelea kusema kwamba wamemwona yu hai, watu wale wale waliokuwa wamejifungia ndani kwa woga, siwezi kuwapuuza kirahisi.

Rafiki yangu ana jibu: "Lakini hadithi ya mnyonge huuza. Kila mtu anampenda underdog." Leo, ndiyo. Zamani zile msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, kuna mchoro wa kale uliokwaruzwa ukutani: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na kijana anainua mkono mbele yake. Maandishi yanamcheka Alexamenos fulani kwa kuabudu mungu wa namna hiyo. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kusulubiwa tulizonazo, na ni kejeli. Hivyo ndivyo hadithi hii ilivyosikika ilipokuwa mpya: upuuzi wa aibu. Sisi tunaomhurumia mnyonge bila kufikiri tumekwisha kufundishwa nayo, hata tuliotoka kanisani.

Hii si hisabati, najua. Jirani yangu mzee, ambaye hunikaribisha kahawa barazani baada ya Isha, aliniuliza: "Mwalimu, nyinyi mwasema Mungu alikufa. Siku tatu zile nani alikuwa akiiendesha dunia?" Nikampa jibu la katekisimu: nafsi moja, hali mbili, aliyekufa alikufa katika ubinadamu wake, Uungu haufi. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Kwake Mungu asiyeguswa ndiye Mungu. Mimi naona kwamba mkubwa asiyeweza kushuka ana kitu kimoja asichoweza. Hatukuelewana, akaniongezea kahawa.

Kwa nini Katoliki basi, na si Mkristo tu wa kusoma Biblia kitandani? Kwa sababu hadithi hii inawahukumu wanaoibeba, na nataka kuwa mahali ambapo hukumu hiyo inasomwa kwa sauti. Misa huanza na watu wazima kujipiga kifua, askofu pamoja na muuza samaki, wakikiri kwamba wamekosa. Tarehe 12 Machi 2000, ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kwa Mungu kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwemo mabavu yaliyotumiwa kwa jina la ukweli. Faza haikutajwa. Mwaka huo huo jimbo letu la Malindi, ambalo Lamu imo ndani yake, likaanzishwa. Mimi nayasoma mambo haya mawili pamoja. Waliokata minazi walikuwa wamebeba kitabu kinachowaambia warudishe upanga alani. Hawakutii. Lakini kitabu ninachowahukumia ni chao.

Swali la dini hapa kwetu si la kahawa tu. Juni 2014, Mpeketoni, bara ya kaunti hii hii, zaidi ya watu 60 waliuawa, na walionusurika walieleza jinsi wauaji walivyowauliza wanaume dini yao. Swali lile lile la Herekali, bila muda wa kuandika barua. Tangu hapo najua kwamba "nimezaliwa humo" linaweza kuwa neno la mwisho la mtu, na silidharau tena kama mwanzoni mwa makala haya. Kisha Desemba 2015, kule Mandera, basi likasimamishwa na Waislamu waliokuwa ndani wakakataa kutengana na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa wiki chache baadaye. Rafiki yangu huniuliza: huyo hakuamini msalaba wako, mbona alifanya kile ambacho Wakatoliki wengi tusingefanya? Sina haraka ya kumbatiza maiti. Nasema tu kwamba kama kilichotokea pale bustanini ni kweli kuhusu Mungu, sishangai kukikuta kwa mtu ambaye hakutoka upande wetu wa ua.

Kinachokosekana bado ni barua yenyewe. Kwa kadiri ninavyojua, Herekali hajapewa nafasi ya pili, katika lugha ya visiwa hivi, kwa umbo lake, bila mizinga nyuma yake na bila mpinzani wa kushindwa. Nimekuwa nikiijaribu usiku. Msalaba una kina rahisi, -ba: Baba, toba, haba, huba. Kazi iko kwenye kipande cha nne, maana kina ukishakichagua unaishi nacho mpaka mwisho. Nimefika ubeti wa tisa, na mjumbe bado hajapanda ngamia.