Sabufa Haikuchoka, Sebule Ndiyo Ilikuwa Tupu

Shemeji yangu aliponiita kwake Tabata alikuwa ameshaamua. Sabufa yake imechoka, alisema, na Kariakoo ameona nyingine imeandikwa wati 12,000. Alichotaka ni nimsindikize tu, kwa kuwa katika ukoo huu mimi ndiye ninayeitwa fundi, ingawa fundi wa kweli ninayo namba yake kwenye simu.

"Kwani hii ina tatizo gani?"

"Shem, inapiga kelele lakini haisemi."

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi la pembeni na kikombe chake cha chai, akalieleza vizuri zaidi: "Mwanangu, ngoma naisikia, fidla naisikia kwa mbali, maneno siyasikii. Na taarabu bila maneno ni nini?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tusiende Kariakoo siku ile.

Kwanza niliigeuza sabufa. Mbele ilikuwa na kibandiko cha rangi ya dhahabu: 8,000W PMPO. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kwa herufi za kulazimisha miwani: 230V, 50Hz, 60W. Hiyo 60 ndiyo nguvu inayovuta ukutani, na kifaa hakiwezi kutoa mfululizo kisichoingia. Kama kweli ingekuwa inatoa wati 8,000, ingevuta zaidi ya ampia 34, na soketi za nyumba zetu ni za ampia 13. PMPO ni namba ya kufumba na kufumbua, isiyo na kipimo kimoja kinachokubaliwa. Kila kiwanda hujikadiria kinavyotaka. Namba ya kuulizia dukani ni RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Ikiwa haipo kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelekezo, tazama kibandiko cha nyuma, hicho kina aibu kidogo.

Halafu, tuseme ile ya dukani kweli ina nguvu mara mbili ya hii. Nguvu ikizidi mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Sikio litaona tofauti, lakini halitashtuka. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa maradufu, inatakiwa nguvu ya mara 10 hivi. Na mama mkwe hakulalamika kwamba sauti ni ndogo.

Nikasimama katikati ya sebule nikapiga kofi moja. Likajibu kwa mlio mkali wa kutetema, kama mtu aliyetupa sarafu ndani ya tangi tupu. Nilipotazama nikaona kwa nini. Chini malumalu, kuta zimepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, juu jipsamu, meza ya kioo, mapazia mepesi ya wavu. Zulia lilikuwepo, lakini limeviringishwa na kusimamishwa nyuma ya mlango wa chumbani, kwa sababu watoto walikuwa wanalimwagia uji.

Hapa inabidi nimlete Wallace Sabine. Mwaka 1895 alikuwa mwalimu kijana wa fizikia chuoni Harvard, akapewa kazi ambayo wakubwa wake hawakuitaka: ukumbi mpya wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg haukufaa, mhadhiri akisema neno linabaki likivuma kwa sekunde 5.5, likimezana na mengine kumi yanayolifuata. Sabine akachukua filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kusimamisha, na matakia ya viti vya ukumbi mwingine uitwao Sanders. Usiku, mji ukishatulia, yeye na wasaidizi wake walikuwa wakibeba matakia hayo hadi Fogg, wanayapanga, wanapuliza filimbi, wanahesabu muda hadi sauti ife, kisha wanayarudisha kabla hakujakucha. Baada ya miaka kama mitatu ya kubeba matakia akapata kanuni ambayo wahandisi wa kumbi wanaitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti. Jibu ni sekunde ambazo sauti itachukua kufifia. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa hesabu zake.

Kilichonipendeza zaidi ni kizio alichokitumia. Sabine alipima unyonyaji wa sauti kwa dirisha lililo wazi: mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni 1 kamili, kwa sababu sauti ikishatoka hairudi. Sisi wa pwani, ambao joto linatulazimisha kufungua madirisha mwaka mzima, tunacho bure kifaa bora kuliko vyote, ila tu jirani naye anagawiwa muziki.

Basi tukaitia sebule ya shemeji kwenye kanuni. Mita 5 kwa 4, kimo 3: ujazo 60. Ukizidisha kwa 0.161 unapata 9.66. Eneo la sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 94, na malumalu, plasta na jipsamu, kwa makadirio, hunyonya kama asilimia 4 tu ya sauti inayozigonga. Hiyo ni kama 3.8. Seti ya makochi ya watu saba niliipa 4. Jumla 7.8, na jibu likawa sekunde 1.24. Kwa sebule ya kusikilizia muziki unataka kama nusu sekunde. Sabufa ilikuwa inaimba ndani ya kisima.

Zulia likatolewa nyuma ya mlango na kutandikwa kati ya makochi na spika. Mita za mraba 6, unyonyaji kama 1.8. Mapazia mazito yaliyokuwa chumba cha wageni tukayahamishia sebuleni, tukayaacha yajikunje mikunjo mingi badala ya kuyavuta yakanyooka, kwa sababu mkunjo ndio unaonasa sauti. Hayo nikayapa 4. Tukafika sekunde 0.71. Kilichobaki kilimalizwa na magodoro mawili ya sponji, unene wa inchi 4, ambayo shemeji alitaka kumpa mlinzi. Tuliyakata mita 1 kwa 2, tukayavisha kitenge, tukayasimamisha kwenye ukuta unaotazamana na spika. Mengine 4. Jumla ikawa 17.6, muda wa mvumo 0.55. Mke wa shemeji aliyakataa kwanza, kisha akachagua kitenge mwenyewe.

Msomaji atauliza kuhusu trei za mayai, maana nimeziona kwenye studio nyingi za vichochoroni. Zile ni karatasi nyembamba. Hugusa kidogo sauti za juu, besi na sauti ya mtu zinapita kama hazikuona kitu, na zikishika moto zinawaka upesi. Kula mayai, trei rudisha dukani.

Sasa spika zenyewe. Aliyezifunga alikuwa amezitundika zile mbili ndogo kwenye kona za juu karibu na dari, jinsi inavyofanywa katika kila sebule na kila baa, zikitazama ukuta wa pili juu ya vichwa vya watu. Ni makosa, na kosa hili linakula maneno. Vokali zina nguvu nyingi, zitakufikia kwa njia yoyote. Konsonanti kama s, t, f na k ni dhaifu, zinakaa sehemu za juu za masafa, nyingi kati ya hezi 2,000 na 8,000, na sauti za huko husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi. Ukielekeza tochi ukutani, msikilizaji anapata kile kilichobaki baada ya kugonga na kurudi. Tukazishusha hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, kama mita 1 kutoka sakafuni, tukazielekeza kwenye makochi, umbali kati yake ukiwa sawa na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji.

Tulipozishusha tukagundua jambo lingine. Waya wa spika ya kushoto uliungwa katikati kwa kipande cha waya wa rangi moja, na pande zikabadilishana, chanya ikaenda kwenye hasi. Ikiwa hivyo, koni moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Sauti ya mwimbaji inakuwa tupu katikati, huwezi kusema anatokea wapi. Kipimo chake ni betri moja ya volti 1.5. Chomoa waya kwenye mashine, gusisha ncha zake kwenye betri kwa nukta moja, chanya kwa chanya: koni zote mbili zinapaswa kuruka kwenda mbele. Ya kushoto ilirudi nyuma. Kurekebisha kulichukua dakika mbili na kisu cha jikoni.

Sabufa ilikuwa imebanwa kwenye kona nyuma ya kochi, na kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Kona huipandisha besi, kwa kuwa kuta mbili na sakafu zinairudisha yote upande mmoja. Lakini shida kubwa zaidi ni vipimo vya chumba. Katika joto letu sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Kati ya kuta zilizoachana mita 4 wimbi la hezi 44 linakaa sawasawa na kuanza kuvuma lenyewe. Kati ya sakafu na dari ya mita 3, hezi 58. Ile 44 iko pale pale kwenye noti ya F ya chini ya gitaa la besi. Mpigaji akiigusa, chumba kizima kinaitikia. Akihamia noti ya pili, kimya. Hiyo ndiyo "ngoma" aliyokuwa akiisikia mama mkwe: nusu yake ilikuwa kuta.

Kuna mbinu ya zamani ya kutafuta mahali pa sabufa, na haina heshima. Unaiweka sabufa juu ya kochi unalokalia siku zote, unapiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha unatambaa sakafuni kando ya kuta, kichwa chini, hadi upate mahali ambapo kila noti ya besi inasikika sawa na mwenzake. Hapo ndipo pa kuiweka. Nilitambaa. Watoto walinipanda mgongoni, mama mkwe akaacha chai. Mahali palikuwa kwenye ukuta mrefu, karibu theluthi moja kutoka kona. Besi tukairudisha robo ya njia, na kochi tukalisogeza mbele kama sentimita 40 kutoka ukutani, maana ukutani ndiko mvumo wa besi unakolundikana.

Kujua kama tumefaulu, hatukutumia wimbo mpya. Tulitafuta rekodi ya mono. Stereo ilianza kuuzwa kwenye sahani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, yuko kwenye mono, na kazi nyingi za zamani za redio ni hivyo hivyo. Mono ikipigwa kwenye spika mbili zilizopangwa vizuri, mwimbaji anasimama katikati, mahali ambapo hakuna spika. Akivutwa upande mmoja, kuna spika iliyo karibu zaidi au yenye nguvu zaidi. Akiwa kila mahali na popote hayupo, rudi kwenye betri na waya. Kama huna rekodi ya zamani, simu nyingi zina sehemu ya kugeuza sauti kuwa mono kwenye mipangilio ya ufikivu.

Ukishafanya haya na bado unataka kununua, nunua spika kabla ya mashine. Kwenye zilizotumika zinazoshushwa kutoka Japani, bonyeza kwa kidole ule mzingo laini unaoishika koni: kama ni sponji na unameguka, umeoza, na unyevu wa pwani utaumaliza, kama ni mpira na unarudi, huenda ukakuzika. Amplifaya ya Japani ni ya volti 100. Shemeji aliwahi kuchomeka mojawapo moja kwa moja kwenye 230, muuzaji akiwa amemwambia haina neno, ikatoa moshi kabla haijatoa muziki. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Waya wa spika usikutoe jasho: shaba ya milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 5 inatosha, ilimradi iwe shaba kweli. Kwangua kidogo, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa.

Na dukani mwombe muuzaji alinganishe spika mbili kwa sauti iliyo sawa. Iliyo juu kidogo itakupendeza siku zote, na wauzaji wanalijua hilo. Floyd Toole, aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti wake katika baraza la taifa la utafiti la Kanada, Ottawa, alikuwa akiziweka spika nyuma ya pazia ili wasikilizaji wahukumu kwa masikio peke yake. Pazia lilipoondolewa katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1994, ukubwa na sura ya spika zilibadilisha maksi za watu wale wale. Huwezi kutundika pazia Kariakoo, lakini macho unaweza kuyafumba.

Ile ya wati 12,000 haijanunuliwa. Kabla ya siku ile namba ya sauti kwenye kioo cha sabufa ilikuwa ikifika 38 mama mkwe akisikiliza taarabu. Wiki iliyopita nilipopita kumsalimia ilikuwa 16, na yeye ndiye alikuwa akinifafanulia fumbo la ubeti wa pili.