Bei Itokanayo na Uamuzi Uliofungwa

Ralph Gomory na William Baumol waliandika katika Econometrica mwaka 1960 juu ya bei zipatikanazo katika hesabu za namba kamili, na tangu hapo imejulikana kuwa bei hizo hazina tabia zote za bei za kawaida. Mwaka 2005 Richard O'Neill na wenzake wanne walitoa dawa katika European Journal of Operational Research. Kwanza hutafutwa mpango ulio bora, mitambo ipi iwashwe na ipi ilale. Kisha maamuzi hayo hufungwa palepale yalipo. Ndipo hesabu iliyobaki, ambayo haina tena sharti la namba kamili, hutoa bei.

Njia hii ni nyepesi, na kompyuta huimaliza upesi. Upungufu wake huonekana bei hiyo inapoulizwa habari za mabadiliko.

Na ichukuliwe mitambo mitatu ya umeme ya kubuni. Wa kwanza hutoa hadi megawati 100 kwa saa, kila moja kwa dola 20. Wa pili hutoa hadi 50 kwa dola 30, lakini kuuwasha tu ni dola 1,000. Wa tatu hauna gharama ya kuwashwa, ila kila megawati ni dola 90. Mahitaji yakiwa 120, bora ni kuwasha wa pili utoe 20. Uamuzi ukifungwa, bei ni dola 30. Mahitaji yakishuka hadi 116, bei hiyo yaahidi kuokoa dola 120. Kumbe bora sasa ni kuuzima wa pili na kutumia wa tatu: ziokolewazo ni 160, na bei, ajabu ya mambo, yapanda hadi 90 ilhali mahitaji yamepungua!

Mwenye mtambo wa pili naye, kwa bei ya 30, hupata dola 600 kwa kazi iliyomgharimu 1,600. O'Neill na wenzake hawakulisahau hilo: kule kufunga kwenyewe hutoa bei ya pili, dola 1,000 za kuwasha, na hiyo ndiyo sehemu bora ya makala yao. Lakini masoko ya umeme ya Marekani yamezoea kuitangaza bei ya umeme peke yake, na pengo la mwenye mtambo likajazwa kwa malipo ya pembeni. Mnunuzi aonaye 30 haoni gharama ya kuwasha. Atakaye kujua habari za 116 hana budi kuufungua uamuzi na kuipiga upya hesabu nzima, ijapokuwa mitambo ni mamia na saa ni chache.